Kilosa–Mikumi Mgongoni mwa Mzee Mwinshehe

Jamani, mke wangu hapendi niyaseme haya mbele za watu, na mimi mwenyewe nikiyakumbuka naona haya hadi leo, lakini mmenichokoza wenyewe.

Enzi za Ujamaa ushirika wetu wa Kilosa ulipata basi. Kabla ya hapo tulipanda mabasi ya watu binafsi, kila moja na jina lake la majigambo ubavuni, nauli unampa utingo mkononi na kiti unakigombania kupitia dirishani (dirishani nilikuwa bingwa). Sasa ukaja ustaarabu: basi la rangi ya maziwa, maandishi ya kijani KILOSA–MIKUMI, tiketi za kuchanwa kitabuni, na watu kupanga foleni. Aliyeandika maandishi hayo ni mimi, fundi rangi wa mtaa wa Magomeni hapo hapo Kilosa, tena kwa roho juu, maana nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Mwinshehe kumwomba binti yake Zainabu, na mzee alijibu tu, "Nitaiona kazi yako kwanza."

Siku ya uzinduzi nikaamka alfajiri, nikakuta rangi imekauka vizuri, lakini moyo ukaniambia herufi hazing'ai vya kutosha kwa mkwe. Nikapitisha mkono mwingine wa rangi ya mafuta (nani alinituma?), nikijua jua la Kilosa litamaliza kazi.

Jua likawaka kweli, na ndilo lililoniponza. Kondakta alikata tiketi taratibu, foleni ikarefuka kandokando ya basi, na watu kwa kutafuta kivuli wakaliegemea. Wa kwanza, kwa heshima ya umri, Mzee Mwinshehe ndani ya kanzu nyeupe pee.

Aliposogea kupokea tiketi nikaona KILOSA nzima mgongoni mwake, imegeuka kama kwenye kioo. Nyuma yake mama mmoja, kanga yake yenye maneno tayari imeongezewa MIK. Badala ya kutulia nikachukua tambara la mafuta ya taa, nikamnyatia mzee nikaanza kumfuta, na kadiri nilivyofuta ndivyo kijani kilivyoshuka hadi makalioni.

Mzee akageuka.

"Shikamoo mzee," nikasema, tambara mkononi.

"Marahaba. Kijana, unatafuta nini huko nyuma yangu?"

Kondakta akadakia: "Mzee, rudisha tiketi, wewe umeshaandikwa safari mgongoni!" Foleni nzima ikacheka, kisha kila mtu akajitazama mgongo wake, na kicheko kikageuka matusi, yote yangu. Zainabu alikuwa pale, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, nami nikajua ndoa imekwenda.

"Nilisema nitaiona kazi yako," mzee akaniambia. "Sikusema nitaivaa." Akapanda basi hivyo hivyo.

Jioni aliporudi akaniita. Kumbe kule Mikumi watu waliona kijani kile kile cha basi, wakadhani kanzu ile ni sare ya ushirika, wakamwona yeye ndiye mkubwa wa basi, wakampisha njia, wakamwuliza nauli na saa za kuondoka, naye akawajibu wote kwa mamlaka kamili.

"Mlete mjomba wako Ijumaa," akasema. "Na mahari iongezwe kanzu."

Kwa furaha nikataka kumkumbatia, akaruka nyuma. "Kanawe mikono kwanza!"

Tangu siku ile nimeapa: rangi ikishakauka siigusi tena, hata anayekuja kuitazama awe nani.