Kipimajoto Kilichogoma Kushuka

Sina haya ya kujisifu. Diploma yangu ya ualimu wa sayansi niliipata Durban, bila mjomba wala mfadhili. Mchana nikifua mashuka ya hoteli, jioni nikienda darasani. Niliporudi na kupangiwa darasa la tatu hapa Mabibo, niliwatangazia walimu wenzangu kwamba watoto wangu watapima muda na joto kwa mikono yao wenyewe.

Siku ya somo nilitundika saa ya ukutani niliyoinunua mwenyewe, nikaazima kipimajoto cha zebaki kutoka kabati la mwalimu mkuu. Kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo wanafunzi kumi na wawili wa safu ya mbele walipokezana. Kila mmoja alikibana kwapani dakika tatu, wenzake wakiuangalia mshale wa saa, kisha akaandika ubaoni nyuzi alizosoma na muda wake. Wa kwanza, thelathini na sita na nusu. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, thelathini na saba. Wa nne, binti mmoja mkimya, thelathini na tisa na nusu. Wa tano, thelathini na tisa na nusu. Wa sita, vilevile.

Kufika wa nane jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nikawaza homa ya dengi. Nikawaza wazazi wamejazana getini.

"Ticha, mie naumwa! Nirudi nyumbani?" huyo wa nane akauliza.

"Homa gani, na ubuyu umekujaa mdomoni?" mwenzake akamkata.

Nilimaliza safu nzima nikiomba ashuke hata mmoja. Hakushuka mtu. Watoto tisa, homa ileile. Mwalimu mkuu alikuja, akasoma ubao, akatoa simu ili awaite wazazi wote.

Hapo akachungulia mwalimu wa darasa la kwanza, mama mzaliwa wa hapa hapa Dar, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona mmekaa kimsiba msiba?" Akakiokota kipimajoto mezani, akakigeuza kwenye mwanga. "Mlikuwa mnakikung'uta kila mtoto akimaliza?"

Nikatikisa kichwa. Durban nilitumia vya betri, vinavyojifuta vyenyewe. Hiki cha zebaki kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute.

"Hee! Diploma yote hiyo, kukung'uta hujui?"

Mwalimu mkuu akaangua kicheko, akarudisha simu mfukoni. Darasa zima likacheka. Mie pia nilianza kucheka, kisha nikautazama ubao, cheko likakatika. Kama hakishuki chenyewe, basi kuna mtoto aliyekipandisha.

Yule wa nne alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemkemea akae wima. Nilikikung'uta kipimajoto mpaka mkono ukauma, nikambana nacho kwapani, na dakika tatu zile sikuthubutu kumtazama yeyote. Nyuzi arobaini. Ubaoni aliandika saa tatu na dakika kumi na mbili. Sasa ilikuwa saa nne kasoro dakika saba.

Tulipanda bajaji hadi zahanati, yeye akitetemeka kifuani pangu. Mhudumu alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha malaria.

"Dakika kumi na tano, mwalimu."

Mistari ikatokea miwili: ana malaria. Alipewa dawa, akalazwa kitandani akitazamwa, nami nikabaki nimesimama mlangoni nikimsikiliza anavyopumua. Adhuhuri joto likaanza kushuka.

Mama yake, muuza nyanya sokoni, alifika akihema, kanga imemteleza begani. Akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie, mwalimu. Umemwahi mapema. Kweli nyie mliosoma nje mna jicho."

Nikamjibu kwamba ndiyo kazi yetu. Binti alirudi shule wiki iliyofuata, mzima. Mama yake sijamwambia nilivyochelewa. Kila nikinunua nyanya kwake ananiongezea mbili, na mie nazipokea.