Nilipaka X nyekundu kwenye matofali ya wanakijiji: nilivyojitolea kuchora wodi ya wazazi huko Mwamkulu

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Hili sijasimuliwa na mtu, limenikuta mimi mwenyewe, na sehemu inayoniaibisha sitairuka. Mtanicheka. Chekeni tu.

Mimi ni kijana wa Shanwe, hapa hapa Mpanda mjini. Nimesomea usanifu majengo. Nilimaliza chuo, nikarudi nyumbani, nikakaa. Vyeti kwenye bahasha, laptop mezani, na kila jirani "vipi, kazi bado?" Ilifika mahali nikawa napitia uchochoroni ili nisiulizwe.

Siku moja dada yangu akaniambia kuna nesi wa zahanati ya kijiji, upande wa Mwamkulu, anatafuta mtu wa kuwachorea wodi ya wazazi. Malipo hakuna. Chakula kipo, na pa kulala ni kwa mwenyekiti wa kijiji. Nikaona bora nifanye kazi bure kuliko kukaa bure.

Nilichokikuta kilinisikitisha. Kina mama walikuwa wanajifungulia chumba kimoja na wagonjwa wa malaria, katikati pazia tu.

Makubaliano yalikuwa hivi: wananchi wanyanyue boma, yaani kuta mpaka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, kisha halmashauri ilete mabati na kumalizia. Lakini boma liwe limesimama kabla ya mvua za kwanza. Mvua ikishuka kila mtu yuko shambani kwake, na mabati yataenda kijiji kingine ambacho kiko tayari.

Kila kaya ilitakiwa kuleta matofali mia tatu ya kuchoma. Na wakuu, waliyaleta. Pale kuna Wabende, Wakonongo, Wasukuma, na familia nyingi ambazo wazee wao walitoka Burundi na sasa ni raia wenzetu. Hakuna aliyebaki nyuma. Mjini kwetu kuchangia ndoo ya taka tu ni kesi.

Shida ilikuwa moja. Kila kaya ina kalibu yake ya kufyatulia, imechongwa nyumbani. Kwa hiyo huyu kaleta tofali kubwa kama keki ya harusi, yule kaleta dogo.

Sasa mimi ramani yangu nilishaimaliza nikiwa bado Shanwe. Safi kabisa, vipimo vyote vya tofali la aina moja. Nikapita kwenye marundo na futikamba. Rundo lenye kipimo changu naliacha. Lisilo na kipimo changu nalipaka X kwa rangi nyekundu, kwamba halitatumika. Tena nilipaka kubwa, ionekane kwa mbali.

Mtanzania yeyote anajua X nyekundu ukutani maana yake nini: nyumba hiyo inabomolewa. Mimi siku hiyo akili niliiacha nyumbani.

Kesho yake asubuhi natoka na kikombe changu cha chai, naona mikokoteni. Watu wanarudisha matofali kwao. Siyo yenye X tu, hata yasiyo na alama. Nikamuuliza baba mmoja, "Mzee wangu, mbona ya kwako hayana tatizo?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Kama jirani yangu kakataliwa leo, mimi nasubiri nini?"

Kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, Mama Kabula. Yake ndiyo yalikuwa madogo kuliko yote. Alikuwa anayarudisha kwa kichwa, manne manne. Nesi aliniambia baadaye kwamba mkwe wake alijifungulia njiani, kando ya majaruba ya mpunga, na mtoto hakupona. Ndiyo maana yeye alikuwa wa kwanza kumaliza mia tatu zake.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akapita.

Niliumia, wakuu. Mwenyekiti hata hakunifokea, na hiyo ndiyo ilinimaliza zaidi. Nilianza kupanga nguo kwenye begi.

Aliyenikuta na begi pale kwenye ujenzi, nataka kuondoka, ni Fundi Nestori. Huyu ndiye fundi mkuu pale, mtu wa makamo, wazazi wake walitoka Burundi na Kiswahili chake bado kina ladha ya Kirundi. Akaketi kwenye rundo lililobaki.

"Injinia," akasema. (Mimi siyo injinia, ni msanifu, lakini kule ukishaeleza mara tatu unakubali tu.) "Hii ramani uliichora kabla hujaliona tofali letu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kosa siyo la tofali."

Akanizungusha kijiji kizima. Mimi nilikuwa naona vurugu, yeye anaona mafungu matatu: makubwa, ya kati na madogo. Makubwa yaende kuta za nje zinazobeba paa. Ya kati yagawe vyumba. Nikamuuliza, na madogo? Akacheka. "Hayo ni kazi yako. Si umesoma wewe?"

Nilichora siku mbili, na safari hii nilichora nikiwa na matofali yao mezani. Madogo nikayapeleka juu, kwenye matundu ya hewa ya chumba cha kuzalia, yapangwe kwa kuachiana nafasi, mahali pasipobeba uzito. Fundi Nestori akaipitia ramani, akasema, "Sasa hii ni ya hapa." Sijawahi kupewa maksi nzuri kama hiyo chuoni.

Ikabaki kuomba radhi. Tulipita nyumba kwa nyumba, yeye anaongea, mimi na brashi ya chuma nafuta X. Kwa Mama Kabula ndiko tulikomalizia. Alinitazama nikisugua mpaka nikamaliza rundo zima.

"Wakikuwekea X huwa hawarudi kufuta," akasema. "Wewe umerudi."

Nikashukuru, nikadhani yameisha.

"Haya. Umeyakataa wewe, yarudishe wewe."

Nikasukuma mkokoteni peke yangu, kijiji kizima kinatazama. Mikono ilichubuka. Lakini kesho yake na mikokoteni mingine ikaanza kurudi, na sijui niwashukuruje wale watu, maana wangeweza kabisa kuniacha niende zangu na aibu yangu.

Fundi Nestori nampa heshima yake hapa hadharani. Ramani aliisoma mara moja, ikakaa kichwani. Nikikosea kipimo ananiita pembeni, hanisemi mbele ya vibarua. Lenta ilikamilika mawingu yakiwa yameshajikusanya. Mvua ilipopiga, mabati yalikuwa yameshashushwa uwanjani.

Siku ya kumaliza lenta, watu waliingia kuangalia. Mama Kabula akaenda moja kwa moja chumba cha kuzalia. Akatandika kanga yake chini kwenye udongo, akalala chali, mtu mzima yule, akatazama juu kwenye matundu ya matofali yake.

Akasema, "Mkwe wangu akiwa amelala hapa atayaona."

Nilitoka nje nikalia. Sioni aibu kusema.

Nyie mliosomea fani hii na mko nyumbani mnasubiri ajira, vijiji havina wachoraji. Nenda kwenye kata yako, jitambulishe, uliza wanajenga nini. Lakini usichore kitu kabla hujafika, na tofali la mtu usilikatae kabla hujajua limefyatuliwa na nani.

Haya wakuu, aliyewahi kujitolea akaharibu, na akarudi kufuta, aje tuongee. Mimi la kwangu nimeshalisema.