Bi Ardhi Apanda Ndege

Watu walimwita Bi Ardhi, na jina lenyewe alijitafutia. Kila ndege ndogo ya wagonjwa ilipotua kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya zahanati, mkunga huyu alisema, "Mungu angetaka nipae angenipa mbawa." Nusu ya kijiji ilizaliwa mikononi mwake, lakini ndegeni hakuwahi kutia mguu.

Siku hiyo mwanamke mmoja alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukata. Bi Ardhi alimchoma sindano, wapi. Akamkandamiza tumbo kwa mikono miwili, damu ikapungua. Akilegeza kidogo tu, inarudi. Daktari wa upasuaji alikuwa ng'ambo ya milima: kwa gari siku nzima, tena mto ukikubali; kwa ndege, dakika arobaini. Ndege ikaitwa. Kichanga kikaachwa kwa bibi yake.

"Nani anamsindikiza?" rubani akauliza.

"Huoni mikono yangu ilipo?" Bi Ardhi akajibu. "Nipandisheni upesi, kabla sijabadili nia."

Wakampandisha sambamba na machela. Ndege ilipoacha ardhi alimwita Mungu kwa sauti, bila haya. Hata mkono wa kushikilia kiti hakuwa nao.

Katikati ya safari, wingu zito lilikuwa limeziba pengo la milima.

"Shangazi, hapa hapapitiki," rubani akasema. "Tukizunguka, itapita saa nzima. Au turudi? Kurudi ni karibu."

Karibu, ndiyo, lakini kule hakukuwa na damu ya kumwongezea wala chumba cha upasuaji. Mabega ya Bi Ardhi yalikuwa yanawaka moto. Mgonjwa, midomo imempauka, akanong'ona, "Mama, usiniache."

"Nikuache niende wapi, mwanangu? Nitokee dirishani?" Kisha akamgeukia rubani. "Zunguka. Na usiniulize tena, utanipa nafasi ya kuogopa."

Wakazunguka. Upepo uliwapepeta kama mchele kwenye ungo. Bi Ardhi alitapika, akajifuta mdomo kwa bega, akaendelea kukandamiza, huku akimsemesha mgonjwa asilale: pua ya mtoto ni ya upande wa baba au wa mama, na jina atachagua nani.

Walipotua, wauguzi waliipokea kazi kutoka mikononi mwake, vidole vimekakamaa. Mama yule alipasuliwa, akapona. Jioni rubani alileta chai. Kikombe kikamshinda Bi Ardhi, akanyweshwa kama mtoto.

"Kesho nakurudisha," rubani akasema. "Kukiwa kweupe, dakika arobaini tu."

"Na gari?"

"Siku nzima."

Bi Ardhi alifikiria wajawazito waliokuwa wakimngoja. Akashusha pumzi. "Haya. Ila ukiniambia nitazame chini, nakuzaba kofi."

Tangu hapo amepanda mara nyingi. Hofu haijamtoka hata chembe. Akisikia mngurumo wa injini, bado humwita Mungu. Hukaza kilemba chake, akatangulia kupanda.