Nyama Tamu ya Bibi Doroti

Enzi zetu za mji wa Hopkins, Marekani, ukifungua mlango wa korido tu, jengo zima lilikueleza limepika nini: maharage ya ghorofa ya pili, kitunguu cha mtu kilichoungua, samaki wa yule baba asiyefungua dirisha. Sisi tuliofika Minnesota tukiwa na miaka tisa au kumi, tukivaa makoti ya kupewa kanisani yaliyofunika hadi vidole, tunazijua zile korido. Tulicheza kombolela humo baridi yote, na wakubwa wakatufukuza kwa lugha tano.

Harufu iliyomshinda Mama ilitoka mlango wa chini yetu. Ilikuwa Novemba, tumerudi kutoka dukani, akasimama ngazini na mifuko yake, akavuta pumzi. Karafuu. Mdalasini. Nyama. "Kuna Mtanzania humu!" alisema. "Hii ni pilau." Akabisha hodi kabla sijamzuia.

Aliyefungua ni bibi mzungu, mfupi, mwenye aproni iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Ndiye Bibi Doroti. Alitukaribisha jikoni akatuonyesha sufuria: nyama ya shingo ya kulungu aliyewindwa na mpwa wake, imesagwa pamoja na matufaha, zabibu na sukari. Ni ya kujaza pai za Krismasi, alisema, kwa mapishi ya bibi yake mzaa mama.

Kiingereza cha Mama wakati ule kilikuwa cha kazini, cha nyumba ya wazee: geuka, kaa, meza dawa. Mengine yote mkalimani nilikuwa mimi. "Mwambie nyama na sukari hazijawahi kuoana," Mama akasema. Nikamgeukia Bibi Doroti: "Mama anasema inanukia vizuri sana." Wenzangu wa enzi zile mnajua. Tulikuwa mabalozi wenye kamasi puani, na amani ya jengo ilisimama juu ya uongo wetu mdogo mdogo.

Mwaka uliofuata Bibi Doroti aliteleza kwenye barafu, akavunjika mkono wa kulia. Tulimkuta mezani kwake, bandeji mpaka kwenye kiwiko, karatasi ya mapishi mbele yake. Binti yake alikuwa amemwambia kwenye simu asijisumbue, anunue ya kopo. Alipokuwa akitusimulia hayo, machozi yalimtoka. "Anasemaje?" Mama akauliza. Nikamweleza. Mama akavua koti, akapandisha mikono ya sweta.

"Mwambie mikono ninayo mimi."

Tulifanya kazi Jumamosi nzima. Mama amezaliwa Lushoto, kwenye matufaha na plamu. Alimenya tufaha ganda likashuka kama utepe mmoja bila kukatika, na Bibi Doroti akapiga meza kwa mkono wake mzima kumshangilia. Mimi nilizungusha mashine ya kusagia iliyobanwa pembeni mwa meza. Mama alikatakata yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe mpaka yakawa kama chumvi ya mawe. Ilipotolewa chupa ya brandi, aliweka kisu chini. "Mwambie sisi ni Walutheri." Bibi Doroti akajibu kwamba hata yeye ni Mlutheri, na anayekunywa hapa ni nyama, si sisi. Hilo nililitafsiri neno kwa neno, na Mama alicheka mpaka akakaa.

Jioni bibi wa watu alisinzia kwenye kiti chake. Mama akachomoa mfukoni kikaratasi cha iliki iliyotwangwa, akaimimina sufuriani, akakoroga. Nikamtazama. "Usiseme kitu," akaninong'oneza. "Nyama ilikuwa inaililia."

Mchanganyiko ule hulala wiki tatu kabla ya kuliwa. Tuliuweka kwenye gudulia la udongo, baraza la nyuma, ambako baridi ilikuwa kali kuliko friji yoyote. Wiki tatu Mama hakuwa na raha. Kila tukishuka ngazi alilitupia gudulia jicho kama mtu aliyeficha maiti.

Siku ya kuonja ikafika. Bibi Doroti alitia kijiko mdomoni, akafumba macho, kisha akakiweka mezani taratibu. Nilikuwa tayari na maneno yangu ya kupamba, labda ni viungo vya duka jipya, lakini Mama alinishika bega.

"Leo usinipambie. Nakujua. Mwambie mimi nimetia iliki bila ruhusa yake, na namwomba radhi."

Kumbe siku zote alijua! Nikasema kama alivyosema. Bibi Doroti akakishika tena kijiko. "Bibi yangu hakuiweka," alisema. Akachota tena. Akachota mara ya tatu. Halafu akanisukumia ile karatasi na kalamu, maana mkono wake ulikuwa bado mzito. "Andika hapo chini: iliki, kijiko kimoja. Andika na jina la mama yako."

Basi chini ya wino wa zamani kuna mwandiko wangu wa darasa la nne, umepinda kushoto. Bibi Doroti alipofariki, nikiwa sekondari, binti yake alituletea karatasi ile na mashine ya kusagia. Alisema kwao hakuna mwenye nafasi ya kupika hivyo.

Siku hizi naishi Inver Grove Heights, kwenye nyumba ya peke yetu, na feni juu ya jiko hufukuza harufu kabla haijafika sebuleni. Binti yangu Neema huletewa chakula mlangoni bila kumjua aliyekipika wala aliyekileta, na nyama ya sukari aliitilia shaka mpaka alipoionja. Kila Novemba Mama huja kumfundisha. Neema anaelewa Kiswahili chote, hujibu kwa Kiingereza, na Mama naye sasa ana Kiingereza chake mwenyewe, cha utani na cha ugomvi. Wanabishana juu ya kungumanga, wanacheka, wanafichana siri. Mimi niko kwenye sinki naosha gudulia, na hakuna anayenigeukia kuniuliza, "Anasemaje?"