Mkwe Aliyekataa Samaki

Donald wa Sagalla alikuwa ameacha kula samaki kwa muda mrefu, na hakuna aliyejali hadi siku alipopelekwa Mahoo kumposa Everlyne.

Alifanya kazi kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari, nchi ya mbali. Alikuwa akikaa huko majuma kadhaa, kisha akirudi nyumbani kupumzika, yaani kumsaidia mamake kubeba maji. Majirani walisema anachimba mafuta. Hakuwa anachimba. Kazi yake ilikuwa maji. Mafuta yanapopanda kutoka chini ya bahari hupanda na maji, na kisima kikizeeka, maji huwa mengi kuliko mafuta. Ni maji ya chumvi kali, yenye matone ya mafuta na madini ambayo hayafai. Mashine huyachuja, Donald anapima mafuta yaliyobaki, na yakiwa ndani ya kiwango kinachoruhusiwa anafungua vali maji yamwagike baharini. Kwa kawaida yalikuwa ndani ya kiwango.

Pale Mahoo, Mama Everlyne aliandaa samaki wa Ziwa Jipe, wakubwa kuliko sahani. Kwa Mzee Tom, babake Everlyne, mazungumzo ya posa hayaanzi mgeni akiwa hajala.

"Mwanangu, mbona unamtazama tu?" Mama Everlyne akauliza.

Mjomba Phineas, msemaji wa upande wa Donald, alidakia. "Usijali, mama. Sisi watu wa mlimani samaki tunamjua akiwa ndani ya kopo."

"Basi ashushwe polepole," Mzee Tom akasema. "Mpeni mkia kwanza."

Watu wakacheka. Jambo lingeishia hapo, na Phineas alimkanyaga Donald mguu ili liishie hapo.

"Si mambo ya mlima, mzee," Donald akasema.

Akaeleza. Karibu na mtambo, wataalamu hutundika kome, wale wa gamba, ndani ya vizimba vya wavu, waone wananyonya nini. Wa karibu walikutwa na uchafu mwingi zaidi wa mafuta mwilini kuliko wa mbali. Mayai ya samaki nayo hayapendi maji yale. Ukisogea mbali uchafu unapungua, lakini athari za miaka mingi bado hazijajulikana vizuri.

"Tangu nisome hayo, samaki ananishinda."

Mzee Tom aliweka tonge chini. "Na hayo maji anamwaga nani?"

"Ni mimi."

Phineas akaanza kusifia mchuzi. Hakuna aliyemsikiliza.

"Wavuvi wa huko wanakula samaki?"

"Wanakula."

"Umewaambia?"

"Kuna ripoti, mzee."

"Sijakuuliza ripoti."

Everlyne alisimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. "Donald," alisema, "huyo ni wa Jipe. Kula."

Donald akala, mpaka kichwa. Mzee Tom alingoja amalize, kisha akasema, "Chakula umekula, asante. Lakini binti yangu siwezi kumpa mtu anayekataa sahani yake na kuwaachia wenzake wale. Nenda ukawaambie hao watu. Ukirudi tutaongea."

Njia nzima ya kurudi Sagalla, Phineas aliendelea kusifia mchuzi.

Donald alirudi kazini. Siku ya kushuka kwa mapumziko, alipitia ufukwe wa wavuvi na kuwaeleza yote, kwa lugha ya kuokoteza na mikono. Kufikia jioni kampuni ilikuwa imesikia, na ikamshukuru kwa utumishi wake.

Donald na Phineas walipofika tena Mahoo, Mzee Tom alikuwa akimwagilia ndizi. Hakuacha.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Waliniuliza kwa nini nimechelewa."

"Hata mimi ningeuliza. Na kazi?"

"Imeisha, mzee."

Mzee Tom alifunga mfereji, akafuta mikono kwenye suruali. Kisha akamwita mkewe na Everlyne watoke nje na viti.

"Keti, mkwe. Haya Phineas, anza."

Phineas alikuwa amejiandaa kumsifu kijana kwa kazi yake kubwa ya ng'ambo. Ilibidi akohoe kwanza.