Moyo Uliosukumwa Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha utrasaundi pale Sumbawanga, bosi wangu, Daktari Mkuu wa wodi ya wazazi, hakunionyesha mashine. Alinionyesha kiti.

"Utakaa hapo mpaka mgongo ukuume. Mama atakuuliza ni wa kike au wa kiume. Wewe tafuta moyo na tumbo la chakula. Ukivikuta kifuani pamoja, niite."

Alimaanisha tundu kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Tumbo la mtoto hupenya hapo, likasukuma moyo upande wa kulia, na mapafu yakakosa nafasi ya kukua. Mimbani mtoto hucheza tu. Taabu huanza akizaliwa, anapotafuta pumzi.

Miaka ikapita, mgongo ukauma. Asubuhi moja ya baridi, foleni ikiwa imefika mlangoni nami sijaonja hata chai, alilala kitandani mama mmoja wa kijiji cha Mwazye aliyekwisha kuzika mtoto wa kwanza.

"Huyu anapiga mateke kama anapalilia ulezi," akacheka.

Niliona moyo upande wa kulia. Nikadhani nimeshika kichwa cha mashine kinyume. Nikakigeuza, moyo ukakaa kushoto, nikaandika: kawaida. Tumbo la chakula sikulitafuta.

Mama aliyefuata, mtoto wake alikuwa amelala vilevile. Nikashika kama nilivyoshika mwanzo. Moyo ulikuwa mahali pake. Kumbe kwa yule wa kwanza sikuwa nimeshika kinyume. Nilipotoka nje, gari la abiria la Mwazye lilikuwa limeondoka.

Daktari Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto alikuonyesha alivyo. Kwa nini ulimrekebisha?"

Tulimtafuta yule mama kupitia nesi wa zahanati ya kijijini kwao. Alirudi siku ya tatu, tukapima upya: tumbo lilikuwa kando ya moyo.

"Nimeshamwambia baba yake ni mzima," akaniambia. "Sasa nikamwambie nini?"

Alijifungulia Mbeya, penye wapasuaji. Mtoto aliishi siku nne.

Katika mimba iliyofuata, alikataa kupimwa na kijana mpya wa chumba chetu.

"Namtaka yule aliyekosea."

"Mama, kwa nini mimi?"

"Huyu kijana hajaogopa bado."

Nilimpima taratibu, foleni ikinung'unika. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Hata hivyo nikarudia mara mbili.

Sasa nimestaafu. Vijana wakinipigia simu kuuliza kama mashine mpya zinaaminika, nawaambia zinaaminika. Kisha nawauliza wamepima kina mama wangapi tangu asubuhi, na kama wamekula.