Mkungu wa Mama Mkwe

Namshukuru Mungu kwa moyo wote, ingawa siku hizi nikiona mkungu wa ndizi masikio yananiwaka.

Tangu nibatizwe misheni kwa Wajerumani, mwalimu hutuhimiza tuchukuliane mizigo. Basi juzi, nikitoka sokoni Ngaramtoni, nikamwona mama mzee ameelemewa na mkungu. Aliponiona alijifunika uso kwa vazi lake la ngozi, akakimbilia migombani. Nikadhani anaiogopa kanzu yangu ya misheni. Nikamfuata, nikamnyang'anya mkungu, nikajitwika. Wachungaji wa ng'ombe walinicheka kwa kubeba mzigo wa kike. Mimi nikazidi kutembea kwa maringo.

Yule mama alinifuata kwa mbali. Nami sikunyamaza. Nilimhubiria, kisha nikaomba kwa sauti: “Bwana, umrehemu na mama mkwe wangu. Moyo wake mgumu kama jiwe, hataki kusikia habari zako.”

Mama mkwe mwenyewe sikuwahi kumtazama usoni. Kwetu mtu na mama mkwe wake hukwepana. Hata sauti yake sikuijua.

Tulipofika karibu na kwangu nikamwuliza, “Nikupeleke wapi, mama?” Mke wangu akatoka na mtoto wetu mchanga, akapiga vigelegele: “Mama! Umekuja kumwona mjukuu!”

Mkungu ukaniponyoka.

Mama mkwe akanipa mgongo, akamwambia bintiye, “Mwambie mumeo nimesema amina. Na Jumapili aje aubebe na huu moyo mgumu, aufikishe kanisani.”